Swali la Cape Town lililozaa CT-skani

Mwaka 1955 mwanafizikia wa Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, aliacha kazi. Sheria ya Afrika Kusini ilidai matumizi ya isotopu zenye mionzi hospitalini yasimamiwe na mtaalamu wa fizikia, na aliyefaa mjini hapo alikuwa mhadhiri kijana wa Chuo Kikuu cha Cape Town, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Akakubali kwenda huko siku moja na nusu kwa wiki katika nusu ya kwanza ya mwaka 1956.

Katika idara ya radiolojia aliona jinsi tiba ya saratani ilivyopangwa. Wataalamu walitumia chati za dozi kuchagua pembe za kupigia mionzi, ili uvimbe upate dozi ya kutosha na viungo vya jirani visalimike. Lakini chati hizo ziliuchukulia mwili kana kwamba wote ni wa namna moja. Mfupa hunyonya mionzi zaidi kuliko nyama. Pafu, kwa kuwa limejaa hewa, huipitisha kirahisi. Kwa hiyo dozi ya kwenye karatasi ingeweza kutofautiana na ile iliyofika kwenye saratani.

Cormack akajiuliza: mionzi ikipitishwa mwilini kutoka pande nyingi, na inayotokea upande wa pili ikapimwa, je, hesabu haiwezi kufichua kilichomo ndani, sehemu kwa sehemu?

Mwaka 1957 alijaribu. Alichukua kisahani cha alumini kilichozungushiwa mbao, akakimulika kwa miale ya kobalti-60. Alipokokotoa, namba za katikati zilitofautiana na za alumini iliyobaki. Akamuuliza fundi aliyekitengeneza. Kumbe fundi alichomeka katikati kipande cha alumini karibu safi, na sehemu iliyobaki ilikuwa aloi. Hesabu ilikuwa imegundua kitu ambacho Cormack mwenyewe hakujua kipo.

Alichapisha matokeo yake mwaka 1963 na 1964, akiwa amehamia Marekani, lakini karibu hakuna aliyeshtuka. Miongoni mwa wachache walioomba nakala kilikuwamo kituo cha Uswisi kinachochunguza maporomoko ya theluji.

Huko Uingereza, mhandisi Godfrey Hounsfield wa kampuni ya EMI alilifikia wazo lilelile la Cormack kwa njia yake na kuunda mashine ya kulitekeleza, yaani ya CT-skani. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika Hospitali ya Atkinson Morley, London, mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo akawa mgonjwa wa kwanza kupigwa CT-skani. Mwaka 1979 Cormack na Hounsfield waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba.

Leo, wagonjwa wengi wa tiba ya mionzi, kama wale wa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hupigwa CT kabla ya kutibiwa. Daktari huchora mipaka ya uvimbe kwenye picha. Kila nukta ya picha hiyo hubeba namba inayoonyesha mionzi inavyonyonywa pale, na kwa namba hizo mfizikia tiba hukokotoa dozi. Hilo ndilo jibu la swali la Cormack.

Serikali zetu zinanunua mashine za CT na za tiba ya mionzi kwa mabilioni, na zinastahili pongezi. Lakini mashine haijikokotolei dozi sahihi. Nchi inayonunua mashine bila kusomesha na kuajiri wafizikia tiba wa kutosha imemnunulia mgonjwa nusu ya tiba.