Kitenzi "Tabiki" na Dhana ya Tabaka katika Uhakiki

Wahakiki wetu wamezoea kulitumia neno "tabaka" kana kwamba lilizaliwa pamoja na nadharia ya Marx. Historia yake ni ndefu zaidi. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu t-b-q, wenye maana ya kitu kulazwa juu ya kingine kikaoana nacho. Kurani huzieleza mbingu saba kwa mzizi huo. Katika karne ya 9, Ibn Sallam al-Jumahi aliwapanga washairi wa Kiarabu katika matabaka, akizingatia ubora wao wala si mali. Katika balagha ya Kiarabu, tibaki ni kukutanisha maneno yaliyo kinyume.

Kiswahili kina nomino "tabaka" na vilevile kitenzi "tabiki". Kitenzi hiki hakiishii kwenye kupangana. Humaanisha kugandamana, kushikamana na kitu pasipo kubanduka.

Maana hiyo ndiyo aghalabu husahauliwa. Katika riwaya ya Shafi Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Kijakazi hayuko chini ya bwana wake tu. Ametabiki naye kwa utiifu wa miaka mingi. Mhakiki ayaonaye matabaka kuwa safu zilizotengana ataueleza unyonyaji, lakini hataweza kueleza kwa nini ni vigumu mno kwa mnyonge kujibandua. Kwa hiyo, tunapoifasiri dhana ya tabaka katika fasihi yetu, yatupasa kuanza na kitenzi.