Kumsitiri Maskini: Ukarimu na Imani katika Hadithi Mbili za Sikukuu za I. L. Peretz na Matoleo Yake kwa Watoto

Utangulizi

Hadithi za sikukuu za Kiyahudi wanazosomewa watoto huchukuliwa mara nyingi kuwa masimulizi ya kale yaliyorithishwa kwa mdomo, ambayo lengo lake ni kumfundisha mtoto kutoa na kuamini. Makala haya yanaupinga mtazamo huo kwa kuchunguza hadithi mbili za Isaac Leib Peretz (1852–1915), mwandishi wa Kiyidi aliyezaliwa Zamość, katika sehemu ya Poland iliyotawaliwa na Urusi, na aliyefanya kazi zake kuu mjini Warsaw. Hoja inayojengwa ni kwamba hadithi hizi hazipimi kiasi kinachotolewa. Zinapima uwezo wa mtoaji wa kumsitiri anayepewa, na imani huonekana ndani ya tendo hilo hilo.

Sikukuu na Mzigo wa Fukara

Uhusiano wa sikukuu na ukarimu katika Uyahudi una msingi wa kisheria na wa kiuchumi. Neno la Kiebrania tsedaka lina mzizi mmoja na neno la Kiarabu lililotupatia sadaka, lakini katika Kiebrania limefungamana na maana ya haki. Kumpa maskini, kwa hiyo, ni deni la kisheria. Haliachwi kwenye huruma ya mwenye mali. Kitabu cha Esta (9:22) chaagiza zawadi kwa maskini katika sikukuu ya Purimu. Mishna, katika sehemu inayohusu Pasaka, yaamuru kwamba hata aliye fukara kabisa asikose vikombe vinne vya divai usiku wa karamu, ijapokuwa vitatoka katika mfuko wa sadaka. Kwa kuwa katika siku za Pasaka mkate wa kawaida umekatazwa, fukara hawezi kujipitishia siku kwa chakula chake cha kila siku. Ndiyo maana jumuiya za Kiyahudi zilijiwekea desturi ya kukusanya fedha za ngano kabla ya sikukuu ili kila nyumba ipate mikate isiyotiwa chachu.

Hata hivyo, agizo la kutoa huzaa tatizo la aibu ya kupokea. Maimonides (1138–1204) alilishughulikia alipopanga daraja nane za sadaka. Katika daraja ya pili kutoka juu, mtoaji na mpokeaji hawajuani. Katika daraja ya juu kabisa, mhitaji huinuliwa kwa zawadi, mkopo, ubia au kazi, hata asihitaji tena kuomba. Peretz aliirithi fikra hii, na tatizo hilo la aibu ndilo linaloziendesha hadithi zake.

Hadithi Mbili

Hadithi ya kwanza, iliyochapishwa mwaka 1900, inahusu rabi wa Nemirov ambaye hutoweka alfajiri katika siku za sala za toba zinazotangulia Mwaka Mpya wa Kiyahudi. Wafuasi wake huamini kuwa hupaa mbinguni kuwaombea watu. Myahudi mmoja kutoka Lithuania, asiyesadiki mambo hayo, anajificha chini ya kitanda cha rabi. Anamwona akivaa mavazi ya mkulima, akichukua shoka, akikata kuni msituni na kuzipeleka kwa mjane mgonjwa. Mjane anapouliza atalipa kwa nini, rabi anamkopesha. Anaposema hana namna ya kulipa deni, rabi anamkemea kwamba yeye, mkata kuni, anamwamini maskini, ilhali maskini huyo hamwamini Mungu wake mkuu. Kisha anawasha moto huku akisoma sala za toba.

Mkopo huu unastahili kuangaliwa kwa makini. Kuni hizo hazimwondolei mjane umaskini, na kwa hiyo tendo la rabi halifikii daraja ya juu kabisa ya Maimonides. Lakini umbo la mkopo linamfanya mjane kuwa mtu anayeaminika, si ombaomba, na mavazi ya mkulima yanamwepusha na deni la shukrani kwa mkubwa wa mji. Imani nayo inaingia kwa njia ya biashara: mjane anaaminiwa kwanza na mwanadamu, ndipo anapotakiwa amwamini Mungu.

Katika hadithi ya pili, mfanya mazingaombwe anaingia usiku wa Pasaka katika nyumba ya mume na mke waliofilisika, ambao wamekataa kuomba msaada. Meza inajaa vyakula mbele ya macho yao. Badala ya kula, wanakimbilia kwa rabi kuuliza kama ni halali. Rabi anawaambia wavijaribu vitu vyenyewe: mkate ukivunjika na divai ikimiminika, basi ni riziki ya kweli. Wanaporudi, mgeni ameondoka, nao wanatambua kuwa alikuwa nabii Eliya. Hapa pia mtoaji hajulikani mpaka aondoke, na imani inathibitishwa kwa chakula kinachoshikika mkononi.

Kutoka Warsaw hadi Vitabu vya Watoto

Peretz hakuwa Mhasidi, na hadithi hizi aliwaandikia wasomaji watu wazima, wengi wao wakiwa tayari wametengana na imani ya wazazi wao. Kati ya 1881 na 1914 Wayahudi wapatao milioni mbili walihama Ulaya ya Mashariki, wengi wao wakielekea Marekani, na wajukuu wao walikua wakisoma Kiingereza. Uri Shulevitz, mzaliwa wa Warsaw, alichapisha toleo la picha la hadithi ya pili mwaka 1973. Hadithi ya kwanza ilisimuliwa upya na Richard Ungar mwaka 2007 na Eric Kimmel mwaka 2009.

Mabadiliko ya anwani yanaonyesha kilichotokea. Anwani ya Kiyidi ni sharti lisilokamilika, lenye maana ya "kama si juu zaidi", na ndiyo kauli ya mwisho ya yule asiyesadiki: wengine wanaposema rabi hupaa mbinguni, yeye huongeza maneno hayo. Ungar na Kimmel wameliondoa sharti na kubakisha "juu zaidi", na Kimmel ameongeza maelezo kwamba ni hadithi ya Mwaka Mpya. Shaka ya mtu mzima imekuwa tamko kwa mtoto, na hadithi ya fasihi imepewa mahali katika kalenda ya ibada.

Hitimisho

Mtafiti anayevitumia vitabu hivi kama ushahidi wa mapokeo ya kale atakosea karne na atamkosea mwandishi. Lakini anayevipuuza kwa kuwa vimerahisishwa atakosa jambo kubwa zaidi. Shaka imepungua, ilhali kuni, mkopo na mavazi ya mkulima havikuweza kuondolewa, maana bila hivyo hakuna hadithi. Kwa njia hiyo mtoto anafundishwa kutoa na, pamoja na hilo, anafundishwa kumtazama aliyepewa: je, amebaki na heshima yake?