X peke yake
Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imetushinda nyumbani. Lakini somo moja bado linaniudhi. Tulifundishwa jike ni XX, dume ni XY, basi. Sphaerocarpos haikutajwa hata siku moja.

Ni kimea kidogo cha jamii ya livawoti, hakina ua wala mizizi ya kweli. Kinaota kwenye udongo wenye unyevu, na jike limejaa vichupa vya kijani vinavyofunika mayai. Mwaka wa 1917 Charles Allen, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alitangaza kwamba seli za jike zina kromosomu moja kubwa, na za dume zina kadogo sana mahali pake. Hakuna aliyekuwa ameonyesha kitu kama hicho kwenye mmea.

Sasa sikia: XX haipo kabisa. Mmea una seti moja tu ya kromosomu, kwa hivyo X peke yake ni jike, Y peke yake ni dume. Zikikutana, kinachozaliwa si jike wala dume. Ni kifuko tu cha kutengeneza spora. Kwa spishi nyingi spora hutoka nne zimeshikana, mbili za kike, mbili za kiume. Zinaanguka pamoja, zinaota bega kwa bega, na mbegu ya kiume inangoja tone la maji iogelee kwa jirani.