Kutoka Jembe Hadi Kadi ya Mchango: Safari ya Uchumba Ufipa

Kuanzia mwezi wa sita, mavuno yakishaingia ghalani na baridi ya Sumbawanga ikianza kung'ata mpaka mifupani, mji unaingia msimu wake wa pili: msimu wa harusi. Jumapili jioni utakuta watu wazima wamejifunika makoti mazito, daftari liko mezani, soda na bia pembeni, mwenyekiti anagonga meza. Hapo hakuna siasa. Ni kikao cha harusi. Fulani kaahidi laki, fulani kaahidi elfu hamsini, mweka hazina anataka kujua ni lini ahadi itakuwa hela. Na wachumba wenyewe? Mara nyingi wamekaa kimya pembeni, wanasikiliza harusi yao ikipangwa na wengine.

Wengi wanadhani mambo haya ni ya juzi, kwamba zamani watu walipendana, wakaoana, yakaisha. Si kweli. Uwandani Ufipa uchumba umekuwa na gharama yake kila zama, na kila zama swali lilikuwa lile lile: nani anaamua, nani analipa, na binti ana sauti kiasi gani?

WAGENI WATATU MLANGONI

Wafipa wana simulizi moja ya kale ambayo wataalamu wa historia wameiandika sana. Inasemekana mtawala wa kwanza wa nchi alikaa Milansi. Siku moja akaenda kuwinda, akamwachia mkewe onyo kuhusu kigoda chake cha utawala. Nyuma yake wakatokea wanawake watatu wageni kutoka mbali. Wakaomba kukaa. Mke wa mtawala akawapa kigoda. Mume aliporudi, nchi ilishakuwa na watawala wapya. Huo ndio mwanzo wa ukoo wa Watwa, ambao ulikuja kutawala Ufipa na baadaye kugawanyika katika dola mbili, Nkansi na Lyangalile. Milansi ilibaki na heshima yake ya mambo ya kale, lakini utawala ulishahama.

Simulizi hiyo ni ya siasa, si ya mapenzi. Lakini mtu yeyote aliyewahi kupokea posa ataielewa haraka. Mgeni anapokaribishwa kuketi, jambo limeshaanza. Ndiyo maana mshenga akifika hajibiwi siku hiyo hiyo. Upande wa binti unachukua muda wake kuuliza: hao watu ni wa wapi? Ni wachapakazi? Kuna maradhi kwenye ukoo? Kuna uchawi? Swali la mwisho si la mzaha mahali ambapo jina la mji wenyewe, kwa masimulizi ya wenyeji, linamaanisha "tupa uchawi".

Desturi ya kutanguliza wazee haiko Ufipa peke yake. Waeritrea, hata wale waliozaliwa Marekani na kukutana huko kupitia simu, bado hutuma wazee wanaoitwa shimagile kwenda kuomba binti kwao. Wachumba wanaweza kuwa wameshapanga kila kitu, mpaka rangi ya vitambaa vya ukumbini, lakini wazee wasipokwenda, kwa familia nyingi hakuna kilichofanyika. Milima tofauti, akili moja.

BIBI HARUSI WA UDONGO

Kabla ya noti na sarafu, utajiri wa Ufipa ulikuwa chuma. Mpaka leo, ukitembea uwandani, bado utakuta tanuri za udongo zimesimama porini, ndefu kuliko mtu, nyingine zinakaribia mita tatu. Wenyewe huziita malungu. Ndani yake mafundi walipanga mkaa na mawe ya chuma, upepo ukaingia wenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Chuma ghafi kilichopatikana kilisafishwa tena kwenye tanuri dogo lenye mivukuto, kisha kikafuliwa kuwa jembe, shoka au mkuki.

Sasa sikiliza hili. Watafiti waliozungumza na mafundi wa mwisho wa kazi hiyo wanaeleza kwamba tanuri lilitunzwa kama bibi harusi. Lilirembwa, likaimbiwa, likafanyiwa dawa. Fundi mkuu alikuwa kama mume wake, na siku za kuyeyusha chuma mafundi walijitenga na wake zao, maana mwenye mke mmoja hatakiwi kumsaliti. Chuma kilichotoka kilikuwa kama mtoto wa ndoa hiyo.

Kwa nini mafundi wachague lugha ya harusi? Kwa sababu vitu hivyo viwili viliungana kabisa. Katika sehemu kubwa ya magharibi mwa Tanganyika jembe la chuma lilikuwa fedha, likiingia kwenye mahari pamoja na mifugo na nguo. Jembe lililotolewa siku ya posa ndilo lililolima siku ya pili. Na Ufipa kulima si mchezo: nyasi zinafukiwa chini ya tuta la udongo zioze, tuta linaitwa ntumba, mwaka unaofuata ndipo linapandwa. Mwanamume aliyeleta jembe alikuwa anasema kwa vitendo kwamba huyu binti hatalala njaa.

Karne ya 20 ilipoingia, majembe ya dukani kutoka Ulaya yakashusha thamani ya kazi hiyo. Tanuri zikazima moja moja. Lakini neno "jembe" halikutoka kwenye orodha za mahari. Familia nyingi nchini bado huliandika, hata kama siku hizi hugeuzwa kuwa hela.

NDOA ZA KAREMA

Mwaka 1885 Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, walikabidhiwa ngome ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879. Miaka hiyo misafara ya watumwa ilikuwa bado inavuka ziwa. Mapadri wakawa wanawakomboa watoto kwa kuwanunua, wanawalea misheni, wakikua wanaozeshwa wao kwa wao na kupewa mahali pa kujenga. Masista Weupe walipofika mwaka 1894, malezi ya wasichana yakawa mikononi mwao.

Fikiria hali ya binti huyo. Hana baba wa kupokea posa, hana shangazi wa kumfunda, hana ukoo wa kuuliza kama bwana harusi ni mvivu. Padri na sista ndio wazazi, washenga na kamati, wote kwa pamoja. Kanisa lilifundisha kwamba ndoa haipo bila ridhaa ya wawili wenyewe, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini mtoto aliyekombolewa, anayekula na kulala misheni, alikuwa na nafasi ndogo ya kusema hapana. Mlango mwingine ulifunguka mwanzoni mwa karne ya 20, pale wasichana Waafrika wa Karema walipoanza kuingia utawa. Kwa mara ya kwanza binti wa eneo hilo aliweza kukataa kuolewa kabisa na bado akaheshimika. Wazazi wengi walilipokea kwa shida, kwani kwao ilikuwa kama binti ameolewa bila mahari na bila wajukuu.

Karema ina hadithi moja ya ndoa ambayo ingejaza ukurasa mzima wa gazeti leo. Adrian Atiman, mzaliwa wa Afrika Magharibi, alitekwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomeshwa utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889. Akaoa mwenyeji, Agnes Wansahira. Alitibu watu wa ziwa hilo mpaka alipofariki mwaka 1956, na mtoto wao akawa padri. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, mwanajeshi Mfaransa Léopold Joubert naye alioa mwenyeji mwaka 1888. Jina la mkewe? Agnes pia, Agnes Atakaye. Ziwa moja, Agnes wawili, na wanaume wawili waliotoka mbali wakazeekea hapo hapo.

MCHUMBA YUKO MKONGE

Kodi ya mkoloni ilitaka hela taslimu, na Ufipa haikuwa na zao la kuileta kwa urahisi. Vijana wakaondoka. Wengine walikwenda kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wengine dhahabu ya Lupa kule Chunya, wengine mashamba ya mkonge ya Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuajiri vibarua, SILABU, iliyokusanya watu mikoa ya mbali. Walioondoka wakapewa jina: manamba. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, kadi ya siku 30 za kazi. Siku zikitimia ndipo analipwa.

Hapo uchumba ukabadilika sura. Mahari ikawa shilingi. Kijana ambaye zamani angengojea baba yake amtafutie majembe na mbuzi, sasa aliweza kurudi na hela yake mfukoni, blanketi na baiskeli, akaposa kwa jeuri. Wazee walipoteza kamba waliyokuwa wameishika. Na kwa kuwa fedha ilionekana ipo, mahari nayo haikubaki chini.

Aliyebaki kijijini ndiye aliyelipa gharama nyingine. Binti aliyeposwa alisubiri msimu, miwili, wakati mwingine zaidi. Barua ilipofika, mara nyingi ilisomwa na katekista au mwalimu, yaani maneno ya mapenzi yalipita kwanza kinywani mwa mtu mzima anayeheshimika! Wengine walirudi. Wengine walioa Tanga, wakasahau. Binti aliyengoja mtu asiyerudi hakuwa mjane wala mchumba, na ukoo ulijikuta unajadili posa mpya huku mahari ya kwanza haijulikani irudishwe kwa nani.

RADI NA KIFUNGU CHA 69

Kuna utani unaojulikana nchi nzima: ukimchumbia binti wa Sumbawanga, usimwache, utapigwa radi hata kama mbingu ni nyeupe. Watu wanacheka. Lakini kumbe ipo radi nyingine, ya karatasi, ambayo wachumba wengi hawaijui.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina kifungu cha 69, kinachompa aliyevunjiwa ahadi ya ndoa haki ya kudai fidia mahakamani. Hakuna mahakama itakayomlazimisha mtu kuoa, lakini hasara inaweza kudaiwa. Kifungu cha 71 kinaruhusu kudai zawadi zilizotolewa kwa masharti kwamba ndoa itafungwa, kama haikufungwa. Sheria hiyo hiyo inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla, na inasema ndoa haibatiliki kwa sababu tu mahari haikulipwa. Na kifungu cha 160 kinawadhania kuwa wanandoa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili na kutambulika hivyo kwa watu, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa.

Yaani wale waliosema "tukae kwanza, harusi tutafanya hela ikipatikana" wanaweza kujikuta sheria imeshawaangalia kwa jicho jingine.

Jeraha la sheria hiyo lilikuwa umri. Ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akisubiri 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Kwa historia ya binti wa Ufipa, kuanzia aliyelipiwa majembe, aliyelelewa Karema mpaka aliyemngoja manamba, hukumu hiyo iligusa pale pale palipokuwa pakiuma: nani anasema ndiyo kwa niaba yake.

LAMI, SENDOFU NA BEI YA MAHINDI

Barabara ya lami kutoka Tunduma ilipokamilika, Sumbawanga ikawa karibu na dunia. Mapambo ya ukumbi, keki, wapiga picha na washereheshaji wakapanda mlima. Kicheni pati, sendofu, harusi, kila kimoja na kamati yake na kadi yake. Bwana harusi anaweza kuwa Dar, bibi harusi Namanyere, na kundi la WhatsApp ndilo ukumbi wa kikao.

Hata hivyo mkono wa shamba haujaachia. Rukwa ni mkoa wa mahindi. Bei ikiwa nzuri, ahadi zinalipwa na tarehe haisogezwi. Bei ikianguka, mweka hazina anapiga simu zisizopokelewa. Mahindi leo ndiyo jembe la jana.

Na mchango wenyewe si kitu cha kubeza. Unawafanya majirani, wafanyakazi wenzake na wanajumuiya wawe mashahidi wa ndoa hiyo, kama ukoo ulivyokuwa zamani. Shida inaanza pale ukumbi unapokuwa mkubwa kuliko maisha yanayofuata, wachumba wanapoahirisha ndoa miaka mitatu wakingoja sherehe ya siku moja, au wanapoamka Jumatatu na deni la mapambo huku kodi ya chumba haijalipwa.

Jembe lilikuwa na hekima moja ambayo kadi haina: baada ya sherehe lilikwenda shambani na wanandoa. Wachumba wanaokaa kimya pembeni mwa kikao wana haki ya kuliuliza daftari lile swali hilo hilo. Kati ya yote yaliyoandikwa humo, kipi kitabaki nyumbani kwao wageni wakishaondoka?