Wino wa Siyu, Wino wa Omdurman

Katika karne ya 18 na ya 19, Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, ulisifika kwa wanazuoni na wanakili wake. Misahafu yao iliandikwa kwa wino mweusi, ikatiwa nakshi nyekundu na za manjano, juu ya karatasi iliyokuja kwa bahari kutoka ng'ambo.

Mchoraji Ibrahim El-Salahi, aliyezaliwa Omdurman, Sudan, mwaka 1930, naye alijifunza hati ya Kiarabu katika khalwa, yaani chuo cha Kurani, ya baba yake. Baadaye alisoma katika shule ya sanaa ya Slade, London, akarudi Sudan, akazivunjavunja herufi mpaka zikazaa nyuso za watu. Mwaka 1975 alifungwa katika gereza la Kober kwa miezi sita; huko alichora kwa siri kwenye vipande vya karatasi na kuvifukia mchangani. Daftari la wino alilolichora baada ya kutoka, mwaka 1976, sasa liko Museum of Modern Art, New York.

Kwa kazi kama hiyo ya El-Salahi, mthamini wa mnada huanza na jina: saini ni ya nani, kazi imepitia mikono gani, imeonyeshwa wapi. Kisha huikagua karatasi, na kila doa hushusha bei. Kwa msahafu wa Siyu, vipimo hivyo hupinduka. Mnakili huenda asijitaje kabisa. Thamani iko katika usahihi wa maandishi na katika kusomwa. Weusi wa vidole pembeni mwa ukurasa ni ushahidi wa vizazi vilivyosomea hapo. Na msahafu uliowekwa wakfu hauuzwi wala haurithiwi: suala la bei hukoma, la amana huanza.

Katika utunzaji, mila hizi mbili hukutana. Wino wa masizi haupauki kwa mwanga, lakini maji yanaweza kuuchafua. Wino wa chuma huila karatasi mpaka herufi zikatoboka. Kwa hiyo mhifadhi hujaribu kwanza mahali padogo. Mpasuko huuziba kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, kamwe si kwa selotepu, ambayo huacha madoa ya manjano. Kwa karatasi ya Pate, adui ni unyevu wa bahari, ukungu na mchwa. Kasha lisilo na asidi, lililoinuliwa kutoka sakafuni na kutengwa na ukuta, huokoa kurasa nyingi kabla hazijahitaji tiba.

Ila naamini Siyu ina la kuwafunza wa makumbusho. Michoro ya El-Salahi ikitengwa na habari za Kober hupungukiwa maana. Msahafu uliosafishwa alama za wasomaji wake hupungukiwa vivyo hivyo. Anayekwenda Pate kuthamini karatasi na aandike kwanza nani alinakili, nani aliweka wakfu, nani walisomea na nani anatunza leo. Matengenezo yafuate baada ya hapo, kwa idhini ya huyo mtunzaji.