Kabla Muuze Massey ya Babu Kama Skrapu, Someni Hii

Ukizunguka mashambani Uasin Gishu, Nakuru ama Trans Nzoia utaipata tu: Massey Ferguson nyekundu imeegeshwa chini ya mti, rangi imekwisha, kuku wametaga kwa kiti, na mtu wa skrapu ameshapima kwa macho ni kilo ngapi. Vijana wa hiyo boma wanasema chuma imekufa, iuzwe, watu wachukue mkopo wa trekta mpya. Sawa. Lakini kabla mzani uletwe, wacha niwape historia ya hiyo chuma, juu wengi wanauza kitu wasichokijua.

Tuanze Ireland. Harry Ferguson alizaliwa huko 1884, mtoto wa mkulima ambaye hakupenda ukulima hata kidogo. Alipenda injini. Tarehe 31 Desemba 1909 alirusha ndege aliyoitengeneza mwenyewe, akawa mtu wa kwanza kuruka na ndege Ireland. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, chakula kikapungua, na 1917 serikali ikamtuma azunguke kuangalia vile wakulima wanatumia trekta. Akaenda na fundi wake, Willie Sands. Kumbuka hilo jina, juu kazi nyingi ya mikono ilikuwa ya Sands, ingawa jina lililobaki kwa bonneti ni la bosi.

Walichokiona kilikuwa kibaya. Trekta za wakati huo zilikuwa zinafanya tu kazi ya ng'ombe: plau imefungwa nyuma, inaburutwa. Sasa plau ikikwama kwa jiwe, magurudumu ya nyuma bado yanataka kuzunguka. Plau haisongi, kwa hivyo trekta yenyewe inainuka mbele na kumwangukia dereva kinyumenyume. Watu walikufa hivyo. Dawa ya wengi ilikuwa kutengeneza trekta nzito zaidi, lakini trekta nzito inakandamiza udongo na kumeza mafuta.

Ferguson na Sands walienda njia nyingine. Waliifanya plau iwe sehemu ya trekta, ikishikwa na mikono mitatu: miwili chini, mmoja juu. Plau ikivutwa na udongo, ule mkono wa juu unasukumwa kuelekea mbele, na hiyo nguvu inabana pua ya trekta chini badala ya kuiinua. Uzito wa plau na wa udongo unaongezeka kwa magurudumu ya nyuma, yanashika vizuri. Halafu wakaongeza haidroliki: udongo ukiwa mgumu, ule mkono wa juu unabonyeza springi, springi inaiambia pampu iinue plau kidogo, udongo ukilainika inashuka tena. Yaani trekta inahisi ardhi. Hakuna kompyuta hapo, ni springi, mafuta na vali. Trekta nyepesi ikaanza kufanya kazi ya trekta kubwa.

1938 Ferguson alienda Marekani kumwonyesha Henry Ford. Wazee hao wawili wakakubaliana kwa kusalimiana mkono tu, hakuna karatasi. Mwaka uliofuata Ford 9N ikatoka na ile mikono mitatu, na kufikia 1947 trekta za mkataba huo zilikuwa zimepita 300,000. Lakini mjukuu, Henry Ford II, aliposhika kampuni alivunja makubaliano na kuendelea kuuza trekta yenye mfumo uleule. Ferguson akaenda kortini na kesi ikaisha 1952 kwa malipo ya dola milioni 9.25. Hapo ndipo kuna somo la kwanza: mkataba wa mdomo ni tamu mpaka kizazi cha pili kifike. Familia zenye mashamba mnanielewa.

Mkulima ndiye alishinda zaidi. Ile mikono mitatu ilisambaa kwa kampuni zote, ikawa kipimo cha dunia nzima. Ndiyo sababu leo unaweza kununua plau iliyotengenezwa India, uifunge kwa trekta ya Uingereza ya 1965, na ikubali.

Huku Uingereza, Ferguson alikuwa na trekta yake mwenyewe tangu 1946: TE20, ndogo, rangi ya kijivu. Ilitengenezwa Banner Lane, Coventry, kiwanda ambacho wakati wa vita kilikuwa cha injini za ndege. Kufikia 1956 zilikuwa zimetoka zaidi ya 500,000. Edmund Hillary alitumia Ferguson kama hizo, zimevalishwa minyororo kwa magurudumu, kufika Ncha ya Kusini tarehe 4 Januari 1958. Lakini kinachonifurahisha zaidi ni spana. TE20 ilikuja na spana ya Ferguson iliyofungua nati nyingi za trekta na za vifaa vyake, na ilikuwa na alama za inchi ili mkulima aitumie pia kupimia plau. Mtengenezaji alitarajia uifungue mwenyewe. Alikupa ufunguo.

Sasa linganisha na kilichotokea hapa jirani wakati huohuo. 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, kituo kikuu kikiwa Kongwa. Mpango ulikuwa mamilioni ya ekari. Walileta trekta kubwa zilizobaki kutoka vita, zingine zimenunuliwa Ufilipino zikiwa zimechoka, na hata wakageuza vifaru vya Sherman kuwa trekta. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama simiti, na mibuyu haikutaka mchezo. Mashine ziliharibika kuliko vile zingeweza kutengenezwa. 1951 mradi ukafungwa, mamilioni ya pauni yameenda na karanga hakuna. Pesa ilikuwepo na chuma ilikuwepo, lakini hakuna aliyejiuliza mapema kama udongo utakubali, na nani atatengeneza hizi mashine zikikufa mbali na spea.

Hilo swali la spea ndilo linaifanya Massey ya babu iwe tofauti. 1953 Ferguson aliungana na Massey-Harris ya Kanada, na baadaye jina likafupishwa kuwa Massey Ferguson. Ikaja 35, halafu 1964 ikaja 135. Injini iliyowapa jina ni Perkins ya dizeli, silinda tatu, lita 2.5. Familia hiyohiyo ya injini iliendelea mpaka kwa 240. Na kampuni haikujifungia: TAFE ya India, Millat ya Pakistan, IMT ya Yugoslavia na Uzel ya Uturuki wote walitengeneza trekta za ukoo huu kwa leseni. Kwa hivyo mama aliyezaa hiyo trekta, Banner Lane, amefungwa kitambo, lakini watoto wake wametapakaa. Ukitafuta pistoni, laina ama gasketi ya Perkins ya silinda tatu, haumtegemei mtu mmoja. Na kule kwa jua kali, mafundi wameifungua injini hii mara nyingi mpaka wanaweza kuipanga gizani.

Halafu angalia mashamba yetu. Zile shamba kubwa za walowezi zimegawanywa, zikarithiwa, zikagawanywa tena. Mtu ana ekari tatu, amezungukwa na ua na nyumba ya shemeji. Trekta ya nguvu 90 itageukia wapi? 135 ya nguvu kama 45, ikiwa na plau ya kuitosha, inaingia na kutoka.

Upande ule mwingine, dunia inaenda kwa trekta ambazo programu ndiyo mwenye nyumba. Marekani wakulima wamepigana miaka na John Deere juu ya haki ya kutengeneza mashine walizolipia, mpaka Januari 2025 shirika la serikali linalosimamia ushindani wa biashara likaipeleka kampuni hiyo kortini. Mimi sisemi trekta mpya ni mbaya. Nasema kabla uweke sahihi ya mkopo, uliza: ikizima msimu wa kupanda, nani ana ufunguo?

Sasa ukweli mchungu, juu sitaki mtu aniambie nimeshinda nikisifu vyuma. Trekta hizi za zamani zinaua. Ile mikono mitatu ilipunguza hatari ya kupinduka nyuma, haikuimaliza, na haikugusa kupinduka kando kwa mteremko. Sweden ililazimisha fremu ya kumlinda dereva kwa trekta mpya tangu 1959. Zetu nyingi za zamani ziko wazi kabisa. Na ile shafti ya PTO inayozungusha mashine ya kupukuchua mahindi mara nyingi haina kifuniko. Ikishika koti ama leso, hakuna muda wa kupiga nduru. Kwa hivyo kama mnaifufua, pesa ya kwanza iende kwa fremu iliyotengenezwa na fundi anayejua kazi, na kifuniko cha shafti. Rangi ni baadaye. Na mtoto asipandishwe kwa madigadi, hata akilia.

Mkiamua kuiangalia, anzeni hivi. Kama ni 35, hesabu silinda. Zile za mwanzo za dizeli zilikuwa na silinda nne za Standard, zinasumbua kuwaka baridi. Ya silinda tatu ndiyo dhahabu. Chomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi: haidroliki inatumia mafuta hayohayo, kwa hivyo yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia na pampu iko hatarini. Inua plau, zima injini, ngoja. Ikishuka haraka, haidroliki inavuja ndani. Mwisho, tafuta kile kibati chenye namba za trekta, mpige picha. Hiyo ndiyo kitambulisho chake; bila hiyo utauziwa spea ya trekta ya mtu mwingine.

Fundi akishaangalia, pigeni hesabu kwa karatasi: gharama ya kuifufua upande huu, bei ya skrapu na awamu za mkopo upande ule. Pengine block imepasuka na jibu ni kuuza, hakuna ubaya. Lakini uzeni mkijua. Mtu wa skrapu analipa kilo. Springi inayohisi udongo, yeye haipimi.