Mzigo ukipotea njiani, hasara ya nani? Kutoka Kalenga hadi Paris

Wajerumani walipoliteka boma la Mtwa Mkwawa wa Wahehe pale Kalenga, Iringa, Oktoba 30, 1894, walikuta humo baruti na pembe za ndovu. Tumezoea kuvitaja vitu hivyo tunaposimulia vita, lakini vina habari ya biashara pia. Baruti ilipanda kutoka pwani mabegani mwa watu, na pembe nazo zilikuwa bidhaa ya kushuka huko huko. Katikati palikuwa na safari ya wiki nyingi kwa miguu, na mzigo ungeweza kupotelea popote.

Utaratibu wa misafara ulikuwa na jibu lake kuhusu nani abebe hasara. Tajiri wa Kihindi aliyekuwa Unguja au Bagamoyo alitoa vitambaa, shanga na waya kwa mali kauli: mfanyabiashara anaondoka bila kulipa, akiahidi kurudi na pembe. Sewa Haji Paroo, ambaye jina lake limebaki katika wodi ya Sewahaji pale Muhimbili, alitajirika Bagamoyo kwa kuandaa misafara na kuitafutia wapagazi. Mpagazi alijitwika kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30. Njiani watawala walidai hongo, yaani ushuru wa kupita, na Mkwawa hakuwa mtu wa kupitwa bure. Msafara ukivamiwa au wapagazi wakitoroka, aliyeumia ni yule aliyekuwa safarini, kwa kuwa deni lake pwani halikupungua hata kidogo. Kwa hiyo pembe ileile ilikuwa na bei moja Uhehe na nyingine kabisa Unguja. Ulanguzi ulikuwepo, sikatai, ila naamini sehemu kubwa ya tofauti ile ilikuwa malipo ya hatari.

Wafanyabiashara wa Ulaya waliosafirisha mizigo kwa meli walisumbuliwa na jambo hilohilo. Mwaka 1812 mahakama za Uingereza zilikuwa tayari zinaamua kesi zinazohusu FOB, yaani muuzaji anawajibika mpaka mzigo upakiwe melini, na baada ya hapo hasara ni ya mnunuzi. Baadaye ikaja CIF, ambapo muuzaji analipia pia nauli na bima hadi bandari ya mwisho. Tatizo ni kwamba herufi hizo hazikuwa na maana moja kila bandari, na wafanyabiashara wawili walioweka saini kwa nia njema walijikuta mahakamani.

Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, kilichoanzishwa mwaka 1919 na kuweka makao yake Paris, kikaamua kuwauliza wafanyabiashara wenyewe wanazielewaje herufi hizo. Matokeo ya nchi 13 yalitoka mwaka 1923, yakionyesha jinsi walivyotofautiana. Mwaka 1936 kikatoa kanuni za kwanza zilizoitwa Incoterms.

Kanuni zile zilifikiria zaidi bahari. Mtu wa Iringa au Mbeya, ambaye meli iko mbali naye kwa siku nzima ya barabara, hakuwemo akilini mwa waandishi. Marekebisho ya 1953 yakaingiza reli, ya 1976 yakaingiza viwanja vya ndege, na ya 1980 yakaanza kulitambua kontena. Mwaka huohuo wa 1976 reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi, treni zikipita Makambako na Mbeya. Toleo la sasa, la 2020, lina kanuni 11.

Leo kijana wa Mbeya anayeagiza gari Japani anaijua CIF Dar es Salaam vizuri, maana ushuru wa forodha nao hukokotolewa juu ya bei ya gari pamoja na nauli na bima. Upande wa kuuza nje ndiko mambo yanakouma. Kahawa ya Mbozi inasafiri zaidi ya kilomita 800 kufika bandarini, ikishuka Kitonga, mteremko ambao kila dereva wa lori anauheshimu. Mkataba wa FOB Dar es Salaam unaiacha njia yote hiyo kichwani mwa muuzaji. Lori likianguka Kitonga, mnunuzi wa Hamburg hadaiwi kitu.

Waandishi wa Incoterms wenyewe wanashauri mizigo ya kontena isiuzwe kwa FOB, bali kwa FCA, ambayo inaruhusu makabidhiano kufanyika bara: Makambako, Mbeya, popote pande mbili zilipokubaliana. Hata hivyo, biashara ya kahawa duniani imeendelea kuing'ang'ania FOB kwa mazoea, na ningependa vyama vya ushirika vya Nyanda za Juu Kusini viwe vinalijadili jambo hili na wanunuzi kabla ya msimu. Maana bei ya FOB ikishatajwa, muuzaji huanza kutoa kodi ya lori, bima ya njiani, ghala na ada za bandari, kisha anachobakiza ndicho anachompelekea mkulima wa Mbozi.